Mafundo Saba ya Kezia Lampard

Kila Jumamosi saa sita mchana, mvua inyeshe jua liwake, Kezia Lampard alitoka kwake na kamba begani akashuka hadi kisima cha Mtaa wa Chini. Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, nyeusi kwa uzee, imepigwa fundo kila baada ya dhiraa moja, na mwishoni ilikuwa na bildi, kipande cha risasi cha ukubwa wa yai la bata. Aliiteremsha taratibu mpaka asikie bildi imegusa maji, kisha akahesabu mafundo yaliyoshuka chini ya mdomo wa kisima. Wanawake waliokuja na ndoo zao walinyamaza kimya. Kezia alitaja namba, akainua uso, akasema, "Salama." Nao wakaitikia, "Salama," wakaanza kuteka na kusengenyana kama kawaida yao.

Sisi watu wa Marlbourne ni wabishi kwelikweli. Hatukubaliani juu ya kasisi, wala juu ya mbegu za viazi, wala juu ya nani alianza kumtukana nani kwenye mazishi ya mwaka juzi. Lakini juu ya kamba ya Kezia hapakuwa na ubishi. Akisema kumi na moja, ni kumi na moja, na mwanamume mzima aliyemtilia shaka angechekwa kilabuni mpaka aone haya kuagiza pombe.

Sheria iliandikwa kwenye kitabu cha kanisa tangu enzi za mababu wa mababu. Mafundo mengi maana yake maji yako mbali chini, na hayo ndiyo maji mazuri. Yakipungua, maji yanapanda. Yakifika sita, kisima kinafungwa siku hiyo hiyo: mshika kamba anaichomoa ndoo kubwa kwenye mnyororo wake, anapita nayo mtaani mchana kweupe, haiweki chini hata mara moja, mpaka aitundike kwenye mlango wa kanisa. Ndoo ikishaonekana pale, hakuna anayegusa maji ya Mtaa wa Chini mpaka majira ya joto. Kila mtu anapanda kilimani na mzega begani kuteka maji ya Shamba la Juu.

Wazee walisema kwamba chini yetu amelala Msiba. Hilo ndilo jina la kijito ambacho hakionekani miaka kumi, ishirini, kisha majira fulani ya baridi yenye mvua nyingi kinachomoza chenyewe katikati ya malisho, maji meupe yanayong'aa, na kijiji kinaanza kuzika. Mimi mzimu wa maji siuamini. Ardhi yetu ni ya chokaa, na chokaa inanyonya maji sawa na mkate. Maji yakizidi kule chini hupanda, na yakipanda hukutana na vyoo vyetu vya shimo na wafu wetu kabla ya kufika kisimani. Homa ya matumbo haihitaji mzimu. Lakini wazee hayo hawakuyajua, walijua mafundo tu, na mafundo yaliwatosha.

Kezia alikuwa na miaka saba majira ya baridi ya 1853. Mshika kamba wa wakati ule alikuwa mlevi mmoja aitwaye Obed Tuck, ambaye kwa wiki tano alitaja namba akiwa amekaa kilabuni, kisima hata hakukisogelea. Watu kumi na tisa walizikwa kabla ya Pasaka. Wawili kati yao walikuwa kaka zake Kezia, aliokuwa akilala nao kitanda kimoja. Makaburi yalikuwa yamejaa maji siku walipozikwa, na Kezia alisikia kwa masikio yake mlio wa jeneza likiingia majini. Mlio ule hakuwahi kuusahau maisha yake yote.

Baba yake, Jabez Spackman, alikuwa mchunga kondoo asiyejua ladha ya pombe. Alitoka makaburini, akaingia kilabuni na matope yake, akaivua kamba shingoni kwa Obed, na hakuna aliyemuuliza amepewa ruhusa na nani. Mwaka 1879 kamba ilifika sita. Jabez akaitundika ndoo. Watu walinung'unika miezi minne wakipanda kilima kwenye tope, migongo ikawauma, wakamwita kila jina, lakini hakufa mtu. Kuanzia hapo Marlbourne iliiamini ile kamba kuliko Biblia, na kasisi anisamehe.

Jabez alipokuwa anakata roho alimpa Kezia kamba, kwa kuwa hakubakiwa na mtoto wa kiume, akamwachia usia mmoja tu. "Usiwaambie unachodhani, mwanangu," alimwambia. "Waambie kamba inachosema." Kezia akaushika usia huo kwa mikono miwili.

Basi ukaja mwaka 1897, Malkia alipotimiza miaka sitini ya kutawala, na kila kijiji kikataka kuonyesha kwamba nacho kimo. Jirani zetu walijenga saa ya mnara. Sisi tulikuwa na kisima, na mdomo wake wa zamani ulikuwa mfupi, unafika magotini tu, mtoto angeweza kutumbukia. Silas Brunsdon, fundi mawe wetu na mzee wa kanisa, akaujengea mzingo wa mawe meupe unaofika kiunoni, akachonga jina la Malkia na mwaka, herufi zimenyooka vizuri mno. Tulipiga matarumbeta, tukala keki za zabibu, watoto wakashindana kukimbia na magunia. Ikapigwa picha. Kezia yumo, pembeni kabisa, kofia ya kuazima kichwani na kamba begani, anatabasamu. Silas alisifiwa mpaka kichwa kikamvimba. Jumamosi iliyofuata Kezia aliilaza kamba juu ya jiwe jipya, akateremsha, akahesabu, akasema salama.

Ikafuata miaka ya ukavu. Miaka kumi na saba kamba haikuwahi kusogea karibu na tisa, na Msiba ukabaki jina la kutishia watoto wasiotaka kuoga. Mwenye ardhi akajenga nyumba tatu za matofali kule chini kabisa, mahali ambapo wazee wasingejenga hata banda la nguruwe. Nyumba mojawapo walipanga Thirza, binti pekee wa Kezia, na mumewe Walter Maslen, mwendesha mikokoteni wa Shamba la Juu, pamoja na mtoto wao Letty wa miaka mitano.

Nikuambie juu ya Letty, maana Kezia mwenyewe alikuwa hasemi kingine. Alikuwa mtoto wa maswali. Kila Jumamosi alimngoja bibi yake mlangoni, akapokea ile bildi na kuifunika kwa aproni yake njia nzima hadi kisimani ili, alivyosema, isishikwe na baridi huko chini peke yake. Na Kezia akisema "Salama," sauti ya Letty ndiyo iliyoitikia kwa nguvu kuliko zote. Mjane yule wa miaka sitini na minane, mkavu, mgumu wa kusifu, asiyecheka ovyo, alikuwa ameshikwa na mtoto yule roho na moyo. Wala hakuficha.

Mvua zilianza Novemba na hazikukata. Krismasi kamba ilisema kumi. Katikati ya Januari, tisa. Jumamosi ya mwisho ya Januari, nane. Fuko walihama malishoni, vichuguu vyao vyeusi vikapanda kilima mstari mmoja, wiki hadi wiki. Sakafu za Mtaa wa Chini zikaanza kutoa jasho. Watu walimtazama Kezia usoni akiwa bado anateremsha kamba, jambo ambalo zamani hawakulifanya. Jumamosi ya tarehe saba Februari ikawa saba. "Saba," alisema Kezia. "Salama." Wakaitikia, ila walichelewa kidogo.

Siku ileile Thirza alimfuata mama yake nyumbani. Thirza hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa, akakataa chai, akavua glavu akazivaa tena.

"Mama, maji yananuka."

"Yananuka nini?"

"Sijui. Udongo uliofukuliwa. Walter anasema shangazi yake wa Shamba la Juu ana chumba kitupu. Nataka nimpeleke Letty huko mpaka joto lirudi. Nimeshafunga nguo zake."

"Kamba imesema saba."

"Najua imesema saba. Mimi nakuambia pua yangu inavyosema."

Kezia alikasirika, na hasira yake ilikuwa na hofu ndani, ingawa asingekubali hata kwa kiboko. Aliona picha nzima: binti wa mshika kamba anapanda kilima na matandiko kichwani, siku ambayo mama yake amesema salama mbele ya watu. Miaka thelathini ya kusema kweli ingekwisha mchana mmoja. Akamwambia Thirza kwamba ndivyo woga unavyoanza, pua moja inanusa, kesho mtaa mzima unanusa.

"Ukihama wewe leo, Jumamosi ijayo nikisema salama ataitikia nani?" alisema. "Usiniaibishe, mwanangu. Ikifika sita nitaitundika ndoo mimi mwenyewe, na Letty nitampandisha mgongoni."

Thirza akainuka. "Haya, mama," akasema. Akarudi nyumbani kwake, akafungua lile furushi, akazirudisha nguo za mtoto kabatini.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne ikawa saba tena. Kezia alilisema lile neno kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Letty akaitikia.

Jumanne iliyofuata asubuhi, Enos Cripps mchimba makaburi aligonga mlango wa Kezia kuomba chai ya moto. Alikuwa akimchimbia kaburi Bi Mercy Tuck, aliyekufa kwa uzee tu, miaka tisini na mmoja, na alikuwa na malalamiko yake. Alisema ardhi imekuwa ya hovyo, hajafika hata kifuani amekutana na maji, ameyachota kwa ndoo na yamerudi, sasa kasisi atasema Enos ni mvivu. Kezia alikuwa anammiminia chai. Akamuuliza amefika kina gani hasa maji yalipoanza. Enos akagusa tumbo lake. Hapa.

Kezia akaiweka birika chini. Alikumbuka mwaka 1879, Enos huyu huyu akiwa kijana, alivyokuja kwa baba yake na malalamiko hayo hayo, mkono tumboni hivyo hivyo. Na siku ile ile kamba ilikuwa imesema sita. Akakumbuka na mwaka ule mwingine, na ule mlio. Maji ya kaburini na ya kisimani ni maji mamoja, hilo baba yake alikuwa amemfundisha angali mdogo. Ilikuwaje makaburi yaseme sita na kamba iseme saba? Alimwacha Enos na chai yake, akachukua kamba, akashuka.

Saa nne asubuhi hapakuwa na mtu kisimani. Aliteremsha kamba: saba. Akavuta, akateremsha tena: saba. Alisimama pale akiwa hajui la kufanya, maana kwake kamba ilikuwa mwisho wa maneno. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akapenyeza mkono ndani, chini ya mawe meupe ya Silas, aone kama ukuta umelowa. Vidole vyake vikaingia kwenye mfuo.

Ulikuwa mfuo laini, wa upana wa dole gumba, uliolika kwenye jiwe la zamani. Kamba za miaka mia tatu ndizo zilizoula. Hapo ndipo baba yake alipokuwa akiilaza kamba, na babu wa Obed Tuck, na wengine wote ambao hata majina yao hatuyajui. Kezia naye aliilaza hapo miaka kumi na mitatu ya mwanzo. Kisha wakaja Silas na mzingo wake, mfuo ukafichika, na Kezia akaanza kupima kutoka kwenye jina la Malkia.

Alichukua kamba akapima toka mfuoni hadi juu ya mzingo. Dhiraa moja. Fundo moja kamili.

Hapo ndipo ikamrudia yote. Wiki ya kabla ya sherehe kamba ilisema kumi na moja. Wiki ya baada yake, kumi na mbili. Alikuwa amejiambia kwamba majira ya joto ni makavu, akaenda zake kula keki. Miaka kumi na saba alikuwa anaongeza fundo moja lisilokuwepo, na kwa kuwa maji yalikuwa mbali, halikumdhuru mtu. Saba ya Jumamosi hii ilikuwa sita. Saba ya Jumamosi iliyopita nayo ilikuwa sita. Siku kumi Mtaa wa Chini ulikuwa ukinywa kwa neno lake. Kezia alikaa kwenye tope akalia, kilio cha sauti, mtu mzima na mvi zake.

Alipoinuka alikwenda kwanza kwa Silas, kwa sababu mzee wa kanisa lazima aambiwe. Silas alikuwa kwenye banda lake anachonga jiwe la Bi Mercy. Alimsikiliza, na uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Akasema mzingo wake umepimwa kwa timazi na hauna kosa. Akasema Bi Kezia mwenyewe ametangaza salama Jumamosi mbili mfululizo, leo watu watamwelewaje? Asubiri Jumamosi, wazee wa kanisa wakutane wajadili jambo hilo kwa utulivu.

"Mzingo wako hauna kosa, Silas," alisema Kezia. "Kosa ni langu, mimi niliyelaza kamba juu yake. Ila hayo maji hayana habari na Jumamosi yako."

Alirudi kisimani akaichomoa ndoo. Ni ndoo ya mti wa mwaloni yenye mikanda ya chuma, wanaume wawili huibeba wakilalamika. Kezia aliikumbatia kifuani akaanza kupanda. Wanawake walitoka milangoni. Mmoja alicheka, akamwambia, Mama Kezia, leo Jumanne, umepotea siku? Kisha akauona uso wake, akasogea pembeni. Kezia akasimama katikati ya njia, ndoo mikononi, akasema kwa sauti ileile ya Jumamosi.

"Ni sita. Imekuwa sita tangu siku kumi zilizopita. Niliwaambia salama na haikuwa salama. Mwageni kila tone mlilonalo ndani."

Hakuna aliyemtukana, na ingekuwa afadhali wangemtukana. Mke wa mhunzi alikuwa na kikombe mkononi, alikitazama tu. Halafu zikaanza kusikika ndoo zikimwagwa nyuma ya nyumba, moja baada ya nyingine.

Thirza alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ya gauni imekunjwa, unga viganjani.

"Sita?" aliuliza.

"Sita. Tangu siku ile uliponijia."

Thirza aliitazama ndoo, akamtazama mama yake. "Letty hajala uji tangu jana," akasema. "Anasema kichwa kinamuuma."

Kezia alitaka kuitupa ile ndoo aingie ndani. Lakini ndoo haiwekwi chini kabla ya mlango wa kanisa, ndiyo sheria, na mtaa mzima ulikuwa nyuma yake unatazama kama sheria bado ipo.

"Peleka ndoo, mama," alisema Thirza. Akaingia na kufunga mlango.

Akaipeleka. Akaitundika kwenye mlango wa kanisa bila kuiweka chini hata mara moja.

Homa ya matumbo haina haraka. Waliugua tisa Mtaa wa Chini. Daktari alikuja toka mjini na farasi wake, akaamuru maji yachemshwe, akamsifu aliyekifunga kisima mapema, na hakuna aliyemjibu. Kezia alihamia kwa Thirza bila kuombwa na bila kukatazwa. Walibadilishana kitambaa cha maji kwenye paji la uso la mtoto, zamu kwa zamu, na Thirza hakumsemesha zaidi ya "shika" na "lete". Wiki ya pili Letty aliomba bildi. Kezia alikimbia kuileta, akaifungua kwenye kamba, akamwekea kiganjani. Safari hii risasi ndiyo iliyokuwa baridi na mtoto ndiye aliyekuwa moto. Aliishika hivyo siku tatu. Tarehe nane Machi akaiachia.

Walikufa wanne. Letty alizikwa kwenye kona ya juu ya makaburi, karibu na ukuta, kwa sababu kule chini Enos hakupata pakavu. Tulipokuwa tunatoka, mtu mmoja alinyoosha kidole bondeni, tukageuka wote. Katikati ya malisho kulikuwa na mstari mweupe unang'aa, wala asubuhi haukuwepo. Msiba ulikuwa umeamka, unakwenda zake pole pole kuelekea nyumba za matofali.

Siku iliyofuata Silas alishuka na nyundo. Hakuombwa. Aliuvunja mzingo wake jiwe kwa jiwe, akayapakia kwenye mkokoteni. Jiwe la jina la Malkia alilijengea kwenye ukuta wa makaburi, herufi zimegeuzwa ndani, na huko liko.

Jumamosi Kezia alikuja kupima, kwa kuwa kisima kikiwa kimefungwa pia hupimwa. Thirza alikuwa ameshatangulia, amevaa nyeusi, amesimama kando ya ule mdomo mfupi wa zamani. Wanawake walikuwa pale, bila ndoo.

"Nipe kamba, mama."

"Leo nitapima toka mfuoni, Thirza."

"Najua. Nipe."

Kezia akaivua begani. Alikuwa ameivaa miaka thelathini na alikuwa amefikiri itavuliwa akiwa maiti. Thirza akapapasa mfuo kwa kidole, akailaza kamba, akahesabu, akavuta, akahesabu upya toka mwanzo. Kisha akataja namba na kuondoka.

Maji yalianza kurudi chini mwezi Mei. Katikati ya Juni kamba ilifika tisa, tisa ya kweli, na Thirza akaisema. Wanawake wakangoja lile neno. Migongo ilikuwa imewaka kwa kilima, ndoo walikuwa wamekuja nazo, walichotaka ni neno moja tu. Kezia alikuwa katikati yao, na midomo yake ilishaanza kulitamka, mazoea ya miaka thelathini. Akalimeza.

"Ni tisa," alirudia Thirza. "Zaidi ya hapo mimi sijui, wala sitasema."

Hakuna aliyeinua ndoo yake. Basi Kezia akatoka, akachukua kikombe cha bati, akakifunga kwa uzi, akakiteremsha kisimani. Akakivuta kimejaa. Akanywa mpaka mwisho mbele yao wote, akafuta mdomo, akakaa juu ya jiwe.

"Hesabuni siku kumi na nne," alisema. "Nikiwa mzima, tekeni."

Hakuna aliyembishia. Tulihesabu. Kila siku Kezia alishuka akanywa kikombe kile kile, na kila asubuhi Thirza, ambaye tangu mazishi alikuwa hajakanyaga kwa mama yake, alikuja akasimama nje ya kizingiti. Aliuliza jambo moja.

"Umekula uji?"

"Nimekula."

Akaondoka. Ikawa hivyo siku kumi na nne, hakuna neno la ziada, na Kezia aliamka mapema zaidi kila siku ili asichelewe kufungua mlango.

Siku ya kumi na tano Thirza alikuja, kamba begani. Aliuliza lile lile, akajibiwa lile lile. Lakini hakuondoka.

"Bakuli liko wapi?" akasema.

Kezia alirudi ndani, akalileta, akamwonyesha. Thirza alilipokea akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole chini mpaka akahakikisha ni tupu. Akamrudishia mama yake bakuli mkononi. Kisha akapanda kwenda kanisani kuishusha ndoo.